Kitaje kwa Kinywa Chako

Kwa miaka mitatu nilipanga chumba Sinza, Dar es Salaam, mwendo wa dakika mbili kutoka kituo cha Kwa Remmy, na katika miaka hiyo yote siku nilizoshuka Kwa Remmy zinahesabika. Aliyewahi kupanda daladala anaujua utaratibu. Kituo kikikaribia, abiria anapaza sauti, "Kwa Remmy, shusha!" Konda anagonga bodi, dereva anaingia pembeni. Mimi nina kigugumizi, na k ni mojawapo ya herufi zinazonikaba. Nilikuwa nikikaa nimekumbatia mkoba, roho juu, nikiomba awepo mtu mwingine wa kushuka hapo. Akiwepo, nilimfuata mgongoni kama mwanawe. Asipokuwepo, nilipitiliza hadi pale ambapo mwingine angesema shusha, kisha nikarudi kwa miguu. Kuna siku nilirudi hivyo mvua inanyesha, mfuko wa unga kifuani, ndala moja imekatika. Jirani akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia foleni. Hata neno hilo nililichagua kwa sababu f hainisumbui.

Mwongozo huu nimemwandikia kila anayepitiliza kituo chake. Lako huenda si ulimi. Huenda ni rangi ya ngozi, kimo, mguu uliopooza ukiwa mtoto, talaka, kukosa mtoto, kuzaliwa nje ya ndoa, au matokeo ya mtihani ambayo ukoo mzima unayajua na hakuna anayeyataja mbele yako. Nitakueleza njia niliyoipita mimi, kwa kitabu, kwa muziki na kwa daftari. Ilinichukua karibu miaka minne, kwa hiyo usiniulize wiki.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wengi wakisikia kujikubali hudhani ni hali ya moyo, furaha fulani itakayoshuka siku moja kama baridi ya asubuhi. Niliingoja, haikuja. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nauchukua usemi huo kama ulivyo: mwanamke aliyefikishwa kwa mkunga akaona haya kujifunua, mtoto hatoki. Kile unachokificha ndicho kinachokupangia njia ya kupita, duka la kununua, hata mtu wa kuoana naye. Kujikubali, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kuweza kukitaja kitu hicho kwa kinywa chako mwenyewe, kwa maneno uliyoyachagua wewe, kabla watu hawajakutajia kwa maneno yao. Sauti ikitetemeka, itetemeke. Yote yatakayofuata ni mazoezi ya kufika hapo.

Anza na karatasi moja

Chukua karatasi na kalamu. Usiandike "sijipendi". Hilo ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" kisha ukanyamaza. Andika mahali, siku, na ulichokifanya ili kuficha. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na mistari mitano, na miwili kati ya hiyo bado naikumbuka. "Sokoni nilitaka karoti, nikanunua nyanya." Na huu: "Kwa fundi cherehani nimejiandikisha kwa jina la Amina." Siitwi Amina. Jina langu linaanza na b, midomo inafungana na haifunguki, na wenye kigugumizi wengi watakwambia kwamba hakuna neno gumu kulisema kama jina lako mwenyewe. Gauni langu la harusi ya dada lilikaa kwa fundi yule wiki mbili likiwa na kikaratasi chenye jina la mtu mwingine.

Ukimaliza, soma orodha yako na utenge mambo mawili. Kuna yale yaliyo sehemu yako, na kuna yale uliyoyaongeza mwenyewe ili kuyafunika. Kigugumizi changu ni sehemu yangu. Uongo wa foleni niliuongeza. La kwanza nitaishi nalo, la pili naweza kuliacha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu siku hizi neno kujikubali hutumika vibaya. Mtu anayekunywa ada ya shule ya wanawe hahitaji kujikubali, anahitaji kuacha pombe na kusaidiwa kuiacha. Anayempiga mkewe asije akasema ndivyo alivyoumbwa. Kujikubali si kujiachia.

Kitabu: tafuta jirani

Usianze na vile vitabu vinavyokuamrisha ujiamini. Nilivisoma kadhaa, vingi tafsiri, na kila nilipokifunga kimoja nilijiona nina makosa mawili badala ya moja: nina kigugumizi, na tena nimeshindwa kujiamini. Riwaya haikuamrishi kitu. Inakuwekea mtu mbele yako, inakuacha umtazame kwa kurasa mia mbili bila yeye kukutazama wewe, na kwa mwenye kuona haya hiyo ni zawadi kubwa.

Usitafute pacha wako, tafuta jirani. Nilihangaika kutafuta mhusika mwenye kigugumizi ambaye hakuwekwa pale ili achekwe, nikachoka. Aliyenipokea ni Msanifu Kombo, kijana wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka 1996. Mama yake ni mwimbaji wa Tanga, Zainabu Makame. Baba hamjui, na inafika siku anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta, hadi Kitale. Baba yangu mimi ninamjua, nimelelewa naye nyumba moja, na Tanga nilikozaliwa sikuwahi kutukanwa kwa ajili ya nasaba. Lakini namna anavyolibeba swali moja kila anapokwenda, akiingia kwa watu huku swali limetangulia mlangoni, niliijua kama ninavyolijua shati la kaka yangu. Nilimaliza kitabu kile usiku wa manane, nikakaa kitandani, na kwa muda mrefu sikujiona peke yangu.

Kwa aliyeondoka katika ndoa na sasa anasikia minong'ono, ningempa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja zama za ukoloni, ameozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno, na akiondoka milango ya jamaa zake inafungwa mmoja baada ya mwingine. Aliyelelewa ndani ya kuta, ambaye hakuulizwa kitu hadi alipokuwa mkubwa, amsome Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980. Mwanamume mtu mzima asiyependa riwaya, na wako wengi, namshauri Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert. Ni karani wa serikali ya kikoloni anayesimulia maisha yake bila kujipamba sana: kazi, misiba, kufiwa na mke, kulea. Wanaume wetu hawajazoea kumsikia mwanamume akisema aliumia.

Na kuna kitabu ambacho nakupa kwa tahadhari. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, inamfuata msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa mkono mkali wa baba, na mwisho wake ni mzito. Ni kazi kubwa. Lakini usiisome katika majuma unayolala vibaya, wala usiisome peke yako. Ngoja uwe na mtu wa kuzungumza naye ukifika kurasa za mwisho.

Sasa namna ya kusoma. Soma polepole, kurasa chache kwa siku, na soma kwa sauti hata kama ni ya chini. Shika penseli. Watu hupiga mstari pale palipowafurahisha. Wewe weka alama pale ulipotaka kukifunga kitabu, pale mhusika alipokuudhi. Mimi katika riwaya moja nilimkasirikia mhusika aliyedhulumiwa mbele ya watu akanyamaza kimya, nikaandika pembeni kwa hasira, "Si useme!" Kesho yake nikafungua ukurasa ule nikayakuta maneno hayo, mwandiko wangu mwenyewe, na alama ya mshangao nimeikandamiza hadi karatasi imetoboka. Niliyatazama mpaka chai ikapoa. Yanayotuudhi kwa mhusika mara nyingi ndiyo tunayoyafanya sisi wenyewe, na penseli inakuwekea ushahidi.

Hapo nikagundua jambo lingine ambalo huenda likamfaa mwenye ulimi kama wangu. Binti wa jirani alikuwa kidato cha pili, tukawa tunasoma naye kitabu kimoja kwa pamoja, sauti mbili kwa wakati mmoja. Sikukwama. Sentensi nzima, aya nzima, yenye k na b na kila kitu. Baadaye nilijifunza kwamba hilo linajulikana: wengi wenye kigugumizi wakisoma pamoja na mtu mwingine, ulimi hufunguka. Si woga wala si upungufu wa akili, ni namna ubongo unavyopanga usemi, na mara nyingi huenda katika ukoo. Inakadiriwa mtu mzima mmoja katika kila mia anacho. Mabasi mawili yakijaa kutoka Ubungo, huenda kuna mwenzangu ndani.

Kuhusu kuvipata vitabu: riwaya nyingi nilizozitaja zimewahi kusomwa shuleni, Tanzania au Kenya, kwa hiyo ziko majumbani, chini ya vitanda vya kaka na dada waliomaliza kidato cha nne. Uliza kabla ya kununua. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika hupanga mali yao kandokando ya barabara katikati ya miji mikubwa, na bei yao inazungumzika. Na Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, tangu 1967, na mikoani kuna za kwake. Maktaba ina faida ambayo duka halina, kwamba unaweza kusoma kitabu chenye jambo lako bila mtu wa nyumbani kukiona mezani.

Muziki: mstari wa kuutuza

Miaka yote ile sikujua kituo changu kilipata wapi jina. Mzee mmoja aliyekuwa akishona viatu karibu na hapo ndiye aliyenieleza, tena kwa mshangao kwamba mtu mzima nimekaa Sinza na simjui Remmy. Ni Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya ukimwi wakati ambapo wengine walikuwa wakilizungukazunguka jambo hilo. Alifariki Desemba 2010. Mzee akamalizia kwa kicheko: "Na yule alikuwa anajiita Sura Mbaya!"

Nilirudi chumbani na hilo. Mtu alijua watu watamwita nini akitoka mbele ya jukwaa, akaliwahi neno, akalivaa yeye mwenyewe, na likawa halimchomi tena. Mji ukachukua jina lake ukaliweka kwenye midomo ya makonda. Na mimi kila siku nilikuwa nashindwa kulitamka jina la mtu huyo ili nishuke nyumbani kwangu.

Kabla yake kuna Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, akapewa jina la Mtumwa. Kazi yake ilikuwa kufinyanga na kuuza vyungu, akiimba njiani ili wateja wamsikie. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza muziki na wanaume waliokuwa wakiujua, akaja kuitwa Siti, neno lenye maana ya bibi wa heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, akarekodi, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Walimcheka asili yake, wakamcheka sura yake. Hakujificha. Aliwajibu kwa wimbo, mbele ya watu walewale, akimaanisha kwamba uzuri wa sura una mahali pake na sauti ina mahali pake. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na nashauri uusome kabla ya kusikiliza santuri, kwa sababu zimechakaa na sauti iko mbali. Ukishajua ni nani anayeimba, mikwaruzo haikusumbui.

Njia ninayokupa inatoka kwenye taarabu yenyewe. Umeona harusini: mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, na mwanamke mmoja anainuka kutoka nyuma kabisa, noti mkononi, anakwenda kwa madaha hadi mbele kumtuza. Wote tunajua kwamba hatuzi sauti tu. Ule mstari ni wake. Umesema neno lake mbele ya mtu fulani aliyekaa ukumbini, na yeye amelitia sahihi kwa noti.

Basi fanya hivyo peke yako. Chagua wimbo mmoja, usichague kumi. Uwe wa Kiswahili au lugha ya nyumbani kwenu, kwa sababu maneno ndiyo tunayoyatafuta. Usikilize mara tatu kwa siku tatu. Siku ya kwanza sikiliza ala tu, gitaa au udi au ngoma, maneno yaache yapite. Siku ya pili keti na karatasi uandike maneno kadiri unavyoyasikia, ukirudisha nyuma pale usipoelewa. Utashangaa ni nyimbo ngapi umeziimba miaka kumi bila kujua zinasema nini. Siku ya tatu jiulize: ningekuwa ukumbini na noti moja tu, ningeinuka kwenye mstari gani? Usijibu haraka. Ukiupata, jiulize tena: nani ningetaka awe amekaa ukumbini anaponiona nimeinuka? Majibu ya maswali hayo mawili yaandike. Kwangu mimi jibu la swali la pili lilikuwa mwalimu mmoja wa darasa la nne, ambaye simtaji, aliyenisimamisha niseme "nipo" mara saba huku darasa likihesabu. Nilikuwa nimeshapita miaka ishirini, nikidhani nimeshamsahau.

Kisha uimbe. Uimbe ukiosha vyombo, ukifua, ukiwa bafuni. Mwenye kigugumizi akiimba hakwami, au hukwama mara chache sana, kwa kuwa mapigo yanamtangulia na pumzi inatoka mfululizo. Kwangu lilikuwa jambo la ajabu kusikia koo lilelile linalokataa karoti likitoa ubeti mzima. Nilijaribu hata kuzungumza kwa mapigo, neno kwa neno kama ngoma, na kwa siku chache ilisaidia, lakini watu wakaniuliza kama naumwa. Nikaacha. Nilichobaki nacho ni pumzi: kujaza kifua taratibu na kuanza kusema wakati hewa inatoka. Asiye na kigugumizi naye aimbe, maana sauti inayojificha siku nzima inahitaji mahali pa kutoka ikiwa kubwa.

Angalia pia kwamba kuna nyimbo zinazokuna kidonda tu. Ukiona wiki nzima unausikiliza wimbo, unalia, na hakuna neno jipya lililoingia kwenye karatasi yako, uweke kando. Utaurudia.

Daftari

Tumia daftari la kawaida la shule, kurasa 64 zinatosha. Simu sikushauri, kwa sababu utakapofika mahali pagumu itakuletea ujumbe nawe utafurahi kukimbilia huko. Muda wangu ni baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, robo saa. Wengine huwafaa usiku. La muhimu ni kwamba lisisomwe na mtu, maana ukijua litasomwa utaanza kuandika kwa ajili ya msomaji.

Andika siku yako kwa mistari mitatu: leo nimekificha wapi, leo nimekitaja wapi, kumetokea nini. Ni hivyo tu. Baada ya mwezi rudi nyuma usome. Mimi niligundua kwamba siku nilizokwama mbele ya watu na siku nilizonyamaza ili nisikwame, siku za kunyamaza ndizo zilizoniuma zaidi. Sikuwa nalijua hilo. Ningeulizwa ningeapa kinyume chake.

Kisha tunga jina la kanga yako. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mwanamke hanunui kanga kwa rangi peke yake, husoma jina kwanza na kujiuliza litamsemea nini akipita uani. Fikiri kwamba unaagiza doti moja itakayosema jambo lako. Maneno yasizidi matano au sita. Utaandika na kufuta mara nyingi. Ya kwanza yatakuwa ya kulalamika, yatakayofuata ya kujigamba, na kote huko bado unazungumza na adui. Endelea hadi upate maneno ambayo ungeweza kuyavaa kwenda sokoni siku ya kawaida. Yangu yalitulia kuwa "Nasema, ila nina safari". Yanatosha kwa pindo.

Zoezi la mwisho ni la barua, na ukiwa na nguvu za zoezi moja tu, fanya hili. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Hati, akamtungia mwanawe Adili. Ni desturi yetu ya kale: mzazi hukaa chini akamwandikia mtoto namna ya kuishi. Mwandikie barua mtoto ambaye amezaliwa na jambo lako lilelile. Si lazima awe amezaliwa kweli. Mpe umri wa miaka saba. Mweleze ni nini, watu watasema nini, afanye nini siku ya kwanza shuleni. Kalamu itakukatalia mambo mengi uliyozoea kujiambia. Mimi nilikuwa nimeshajiita mzigo mara elfu, lakini nilipofika kwenye barua, neno hilo halikuandikika kwa mtoto. Nikaandika badala yake kwamba Nabii Musa naye ulimi wake ulikuwa mzito, kwamba aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe na ndugu yake awe msaidizi wake, na kwamba alikwenda mbele ya Firauni akasema. Habari hiyo nilikuwa naijua tangu madrasa. Sikuwahi kuisoma kama yangu.

Barua ikikamilika, utakuta ndani yake sentensi moja ambayo unaweza kuitoa na kuitumia. Yangu ilikuwa "Nina kigugumizi, nipe muda." Niliiandika, nikaiimba kwa mapigo ya wimbo wangu hadi ikalainika, nikamwambia jirani, na jioni moja nikaipeleka kwenye daladala. Nilipopanda, kabla sijakaa, nilimwambia konda kwamba nina kigugumizi, tukifika Kwa Remmy anishushe. Sentensi ile ilichukua muda. Kwenye k ya kigugumizi nilikwama, kwenye k ya Kwa Remmy nikakwama zaidi, na abiria wawili wakageuka kunitazama. Konda akasema, "Poa, dada." Akaendelea kudai nauli. Tulipofika akagonga bodi, nikashuka. Miaka mitatu nilikuwa nimetembea kwenye mvua kwa kuogopa "poa, dada".

Si kila mtu utakayemwambia atakuwa konda yule. Chagua wa kwanza kwa uangalifu. Usianze na shemeji mwenye mdomo wala mkusanyiko wa ukoo. Anza na mtu mmoja ambaye hajawahi kuwacheka wengine mbele yako.

Pale visipotosha

Kitabu, wimbo na daftari si dawa ya kila kitu. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, hutaki chakula, umepoteza hamu ya hata vile ulivyovipenda, nenda hospitali uwaeleze, huo ni ugonjwa na unatibika. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje kesho, mwambie mtu aliye karibu na mwende pamoja leo. Na kwa kigugumizi wapo wataalamu wa tiba ya matamshi, wachache, hasa katika hospitali kubwa, na mtoto akipelekwa mapema husaidika zaidi. Kujikubali hakukuzuii kutafuta msaada. Kunakupunguzia aibu ya kuuomba.

Barua yangu niliihifadhi ndani ya Siku Njema, nikaisahau. Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu, akazunguka sana, mwishowe akasema mwanawe wa pili, wa miaka sita, anakwama akisema, na mkewe anamkataza asiseme mbele ya wageni. Nilikwenda Tanga Ijumaa ile. Jioni nilikaa na mtoto barazani, nikamsomea barua yote kwa sauti, na kwa kuwa nilisoma peke yangu nilikwama kila mahali pangu pa kukwama. Alisikiliza akichezea kamba ya kiatu. Nilipomaliza hakusema lolote juu ya Musa wala juu ya shule.

"Shangazi," akasema, "na wewe unakwama kwenye k?"

"K na b," nikamwambia.

Akafikiri. "Mimi m-m-m... na t. B naiweza." Akaisema, b, b, b, kunionyesha. Nami nikamtolea m zangu zote, na tukaendelea hivyo, tukibadilishana herufi, hadi wakatuita kula.